Mpunga wa Kina Kokom

Jeddah, Ijumaa 18 Novemba 2011

Daftari hili nimepewa na Kokom. Lilikuwa la mtoto wa madam. Kurasa za mbele zilijaa hesabu za kugawanya, nikazichana. Kokom anasema mtu akikaa kwa watu bila kuimba wala kuandika ataanza kuongea na sufuria. Yeye huimba. Mimi sauti yangu hata kanisani walikuwa wananisimamisha nyuma, basi nitaandika.

Naitwa Metrine, kwetu ni upande wa Kimilili. Nilifika Saudia Agosti, wakati ule ule serikali ya kina Kokom ilipokataza wasichana wao kuja huku kwa kazi za nyumbani. Walipofungiwa wao, tukaletwa sisi. Kokom hakuguswa kwa sababu yuko ndani tangu zamani, huu mwaka wa sita. Ila akitoka ametoka, harudi tena. Ni Msunda, watu wa milimani huko Java Magharibi. Ananizidi miaka kumi na miwili, kwa hiyo namwita Teteh, yaani dada mkubwa kwao, naye ananiita Neng. Tunaongea Kiarabu cha jikoni, chetu sisi wawili, ambacho Mwarabu akikisikia anashika kichwa. Humu nitamwandika kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo ninavyomsikia.

Nyumba iko Aziziya. Kuna madam, kuna bosi ambaye ndiye kafili wetu, yaani mwenye vibali vyetu, kuna watoto watatu, na kuna Sitti, mama yake bosi, aliyepooza upande mmoja; neno linalomtoka ni moja tu, Kokom. Sitti ni wa Kokom. Mimi ni wa sakafu, nguo na watoto.

Leo ni siku ya simu. Kokom alimaliza kuongea na mama yake akarudi jikoni anacheka peke yake. Mama yake, Ema, amepanda mpunga leo.

"Shamba lenu ni kubwa?" nikamuuliza.

"Shamba si letu. Ni la Haji Oding."

"Basi Ema analipwa nini?"

"Halipwi."

Haki nilicheka. Nikamwambia kwetu mtu akikulimisha bure unampeleka kwa chifu. Kokom akaweka kisu chini, akanieleza polepole kama mtoto. Kwao mwanamke anapanda bure na kupalilia bure, na kwa hilo anapata kipande chake. Siku ya mavuno hakuna anayeingia kipande kile ila yeye. Anakata, na kwa kila vipimo sita kimoja ni chake, chakula cha nyumba yake. Bibi yake alikuwa na kipande hicho, akamwachia Ema.

"Na anayekata mwaka huu ndiye atakayeitwa kupanda tena," akasema. "Akikata mtu mwingine, kipande kimekuwa chake. Hatugombani. Ndivyo ilivyo."

Ema amemwambia mgongo umekwisha. Huu ndio mpunga wake wa mwisho. Mwisho wa Machi anataka Kokom awe pale na mundu mkononi, kwa sababu hakuna mwingine: mume wa Kokom alishaoa kwingine, na mtoto wao, Lilis, ana miaka kumi.

Jumanne 22 Novemba

Madirisha yote. Nje na ndani. Mgongo.

Ijumaa 2 Desemba

Kokom ameomba ruhusa ya kurudi kwao. Alingoja bosi amalize kahawa. Bosi hakuwa na neno, alisema miaka sita si mchezo. Madam ndiye aliyeruka: "Na Sitti?" Wakavutana, mwisho wakakubaliana hivi: Metrine ajifunze kumtunza Sitti. Siku atakayoona madam kwa macho yake Sitti analishwa na kugeuzwa na Metrine bila kulia, kesho yake bosi anaanza kushughulikia karatasi ya kutoka. Kabla ya hapo, halas, hakuna safari.

Jikoni Kokom alinishika mikono yote miwili, yake ina povu, akasema, "Neng, mimi niko mikononi mwako." Nikamwambia aondoe wasiwasi, mimi nilimuuguza bibi yangu mpaka Mungu akamchukua. Na nilisema kweli kabisa, moyo mweupe.

Jumanne 6 Desemba

Kumgeuza Sitti kuna kanuni yake. Goti kwenye ubao wa kitanda, mkono mmoja chini ya bega, mwingine kwenye nyonga, halafu unangoja. Nikauliza nangoja nini. Pumzi. Sitti akivuta hewa mwili unakaza, akiitoa unalegea, hapo ndipo unamgeuza.

"Usimharakishe," Kokom akasema. "Ni kama kung'oa miche kitaluni. Ukivuta kwa pupa mizizi inakatika."

Jumatano 14 Desemba

Leo Sitti amemaliza bakuli la uji wa mchele mkononi mwangu. Madam hakuwepo. Kokom alikuwepo, akapiga makofi kimyakimya mlangoni.

Alhamisi 15 Desemba

Bi Mwanamize amekuja kumwona Sitti, huja kila Alhamisi. Wazee wake walitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, yeye kazaliwa hapa hapa Jeddah, huko Kandara, lakini Kiswahili chake unaweza kukipaka kwenye mkate. "Mwanangu weye, mikono yako myepesi, mashaallah," akaniambia alipoona namlisha Sitti. Nilivimba kichwa siku nzima.

Jumapili 25 Desemba

Krismasi. Nimepiga pasi mashuka kumi na moja na mashati. Nililia kidogo kwenye mashati. Mchana Kokom alinikaangia samaki wa chumvi wa kwao, akanipakulia wali juu ya jani la mgomba alilomtuma dereva, tukala kwa mkono kutoka jani moja, yeye upande wake mimi wangu.

Nikamwomba anichoree kijiji kwa maneno. Akasema wali unatoka kwenye mashamba ya ngazi ngazi, maji yanashuka kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, kwa hiyo huwezi kugombana na aliye juu yako. Nyumba yao ina kuta za mianzi, nyuma kuna kidimbwi cha samaki. Zile nyumba za vigae vinavyong'aa zote ni za watu waliokuja Saudia, na ndani yake, akasema, utamkuta bibi na mjukuu, basi. Wasichana wakimaliza shule wanaenda viwanda vya kushona nguo. Vijana wanaendesha pikipiki za abiria.

"Sasa nani anapanda?"

"Wenye migongo mibovu."

Nikamtania: "Teteh, na wewe unakimbilia kuharibu mgongo?"

Hakucheka. Akasema Haji Oding ameanza kuongea na mchuuzi wa mjini. Mchuuzi huyo ananunua mpunga ungali shambani na kuleta wakataji wake kwa lori. Vipande vyenye mwenyewe hawezi kuvigusa, ni aibu mbele ya kijiji. Kisicho na mwenyewe atakichukua. "Wanawake wakishikilia, kijiji kitakula," akasema. "Wakiachia mmoja mmoja, kitanunua mchele dukani kama Jeddah."

Niliwaza kwetu, shamba la baba lote limekuwa miwa ya kiwanda, na sisi tunanunua unga. Sikumwambia.

Ijumaa 13 Januari 2012

Ema ameteleza kwenye tuta akiwa anapalilia. Nyonga. Yuko kitandani. Wanawake wenzake wamempalilia, hilo linaruhusiwa, ila kukata hawawezi kumkatia. Kokom ameosha sahani moja muda mrefu sana.

Riyadh, Jumatano 25 Januari

Shule zimefungwa. Madam amenileta mimi na watoto kwa dada yake huku Riyadh. Kokom kabaki na Sitti. Tulipita Murabba, kwenye ofisi ile ile ya wakala nilikopokelewa Agosti. Bado kuna wasichana wamekaa kwenye zulia, mizigo miguuni, wanangoja makafili wao. Madam aliingia kuuliza kama kuna Mjava. Mafi, hakuna. Akatoka amenuna, akaniangalia kama mtu aliyebakiziwa nyanya za mwisho sokoni.

Riyadh, Ijumaa 27 Januari

Humu kwa dada yake madam kuna Jael! Tulipanda ndege moja. Nilimkumbuka kwa kelele, alikuwa anachekesha foleni nzima ya pasipoti. Sasa yuko peke yake katika nyumba ya ghorofa tatu. Leo alinifuata chumba cha kufulia akanishika mkono wa nguo.

"Metrine, niambie kitu. Chochote. Hata habari ya mvua."

"Wanakupiga?"

"Hawanipigi. Chakula kipo. Wacha tu. Ni kwamba tangu Agosti sijacheka. Nikifungua mdomo asubuhi nashtuka kusikia sauti."

Anaongea haraka haraka, anarudia, na macho yake hayatulii. Miezi mitano tu. Mimi nimekaa miezi hiyo hiyo na nina nyama mwilini na maneno mdomoni, na si kwa sababu nina nguvu kumshinda. Ni kwa sababu ya Kokom.

Jeddah, Ijumaa 3 Februari

Tumerudi. Kokom amenikumbatia mpaka ndoo ikaanguka. Habari kubwa: mpunga umeshika mimba. Hivyo ndivyo wanavyosema suke linapovimba ndani ya jani. Mpunga ni mwanamke, na mwenye mimba anatamani vitu vichungu, kwa hiyo Ema kamtuma Lilis akapeleka matunda mabichi yenye pilipili kwenye pembe ya shamba. Kokom alinihadithia kwa kunong'ona, anasema ustadhi wa kijiji hapendi mambo hayo na madam akisikia itakuwa kesi. Lilis alirudi nusu ya matunda amekula njiani. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Jumanne madam atakuja kuniangalia na Sitti.

Jumanne 7 Februari

Sitti amelia. Mkono uliteleza. Madam kasema bado.

Jumatano 8 Februari

Haukuteleza.

Hili ni daftari langu na hakuna humu anayesoma Kiswahili, basi niseme. Madam alikuwa amesimama miguuni kwa kitanda. Goti langu lilikuwa mahali pake, mikono mahali pake. Sitti alivuta hewa na mimi nikamgeuza hapo hapo, mwili umekaza. Nilijua. Alitoa sauti kama mlango. Bibi mzee ambaye hajanikosea lolote.

Sikupanga. Nilimwona Jael mbele yangu, basi.

Jumatatu 13 Februari

Uji ulikuwa wa moto, Sitti akautema mbele ya madam. Nilisahau kuupoza. Nimeandika nilisahau. Ah, Metrine.

Ijumaa 17 Februari

Kokom kapiga simu, Ema anauliza tarehe. Kokom akasema karibu. Halafu akaja akanifundisha tena kutoka mwanzo, goti, bega, nyonga, pumzi, bila kunung'unika, na mimi nikawa nauliza maswali kama mwanafunzi mjinga. Uvumilivu wake umeanza kuniudhi. Kwa nini hagombi? Wimbo wake pia, ni ule ule kila siku, mtu mzima anaimba kama chura. Na mimi je? Nani amekaa chini akauliza Metrine atabaki na nani? Ghorofa mbili, watoto watatu, mgonjwa mmoja. Wao wanapanga mpunga wao huko.

Jumanne 21 Februari

Madam kanijaribu tena. Sitti kalia tena. Bado.

Alhamisi 1 Machi

Bi Mwanamize alinikuta namlisha Sitti, madam yuko juu. Sitti alikula hadi akalamba kijiko. Nikamgeuza, hakutoa hata mguno. Bi Mwanamize akawa ananitazama tu, tasbihi imesimama mkononi.

"Hebu n'ambie, mwanangu. Huyu mama mbona mbele yangu halii, kwa Kokom halii, kwako halii, ila naambiwa akiingia madam tu ndio analia?"

"Nakuwa na woga, Bi Mwanamize."

"Woga." Akacheka puani. "Mie n'mezaliwa Jeddah, lakini sijazaliwa jana. Njia ya mwongo fupi, mwanangu. Na hii unampitisha mgonjwa juu yake."

Nilitaka kumjibu vibaya. Yakaja machozi. Hakunibembeleza. Alivaa abaya yake akaenda zake.

Nimeona haya. Si haya ya kukamatwa, hiyo ilipita haraka. Ni kwamba nilimwangalia Sitti na jicho lake moja zima linanitazama, nikajua huyu hawezi kunisema, lakini anajua.

Jumamosi 3 Machi

Nimemwita madam mwenyewe. Nikamlisha Sitti, nikamfuta, nikamgeuza kulia, nikamgeuza kushoto. Kimya. Madam akasema, "Ulikuwa wapi mwezi mzima?" Nikakusanya bakuli na kijiko.

Kokom alinikumbatia. Mwili wake ulikuwa mgumu kidogo, au ni mimi. Bosi yuko Riyadh kikazi, anarudi tarehe kumi. Tumehesabu pamoja: akirudi, wiki mbili za karatasi, Kokom anafika kwao siku mbili tatu kabla ya mavuno. Inatosha. Nimeomba kwa magoti, itoshe.

Jumamosi 10 Machi

Bosi karudi. Kachukua pasipoti na ikama ya Kokom, kile kibali cha kukaa. Asante Mungu.

Ijumaa 16 Machi

Kwao kumepiga mvua ya upepo usiku wa juzi. Mpunga umelala. Ukilala kwenye maji unaota pale pale, hauwezi kungoja. Haji Oding amesema watakata Jumanne.

Nilimkimbilia bosi na mkono wa sabuni. Akasema karatasi zinatoka tarehe ishirini na nne, anaweza kusukuma lakini hawezi kuumba. Hakuwa mkali. Nilitamani angekuwa mkali.

Jumanne 20 Machi

Leo wamekata.

Kokom aliamka kama siku zote. Alimwogesha Sitti, akapika, akapanga nguo za watoto. Hakuimba. Kule jua linatangulia letu, kwa hiyo tulipokuwa tunakunywa chai wao walikuwa wamekwisha ingia shambani. Akanieleza bila kumuuliza, macho kwenye kikombe. Mwanamke mkubwa kuliko wote huanza. Ana kisu kidogo kama kipande cha wembe, anakificha ndani ya kiganja, anakata suke moja moja mpaka anapata fungu, ili mpunga usiogope. Baada ya hapo ndipo wengine wanaingia na mundu, kila mmoja kipande chake. Mwaka huu angeanza Ema. Ema yuko kitandani, wamemfungulia mlango asikie.

"Kipande chenu je?" Nilijilazimisha kuuliza.

"Amepewa mke wa Asep, jirani yetu. Ana mtoto mchanga. Asingeingia yeye, kingeenda kwa lori la mchuuzi."

Nikasema, "Teteh, ni mimi."

"Najua."

Nilidhani hakunielewa. Nikaanza kueleza, goti, bega, uji wa moto. Akainua mkono kuninyamazisha.

"Najua tangu siku ya kwanza. Nilikuwa mlangoni. Ulibana pumzi yako kabla ya kumgeuza. Mtu anayesahau habani pumzi, Neng."

"Kwa nini hukumwambia madam?"

Kitu kilikuwa kinachemka jikoni, hakuna aliyenyanyuka.

"Madam angekurudisha ofisini. Nimeshaona wasichana wakirudishwa. Na ukirudishwa wewe, mimi naondokaje? Hilo moja. La pili, uliporudi Riyadh ulikuwa na uso wa mtu aliyeona maiti. Nikasema nimpe wiki moja, itapita. Nilijua utaona haya mwenyewe." Akasimama, akazima jiko. "Sikujua utachelewa hivyo."

Hakusema kwa sauti kubwa. Laiti angenitukana, ningekuwa na pa kujishika. Mimi nimekulia kwenye familia ya watu wanaolima kwa zamu, leo kwa huyu kesho kwa yule. Mama alipofiwa wenzake walikuja na majembe kabla ya kuitwa. Najua kabisa maana ya kukosa kufika siku yako. Nilijua na nikafanya, na aliyelipa si mimi. Ni mzee wa kitandani ambaye sijawahi kuuona uso wake, na mtoto anayekula matunda ya mpunga njiani.

Jumatatu 26 Machi

Karatasi ipo. Huruji ya mwisho, hakuna kurudi. Bosi alimuuliza kwa upole kama bado anataka kwenda, sasa mavuno yamepita. Mimi nilikuwa napanguza meza, nikaacha kupanguza. Moyo wangu mbaya uliruka kwa furaha, niandike na hilo.

Kokom akasema, "Mama yangu hawezi kutembea, baba. Naenda."

Jumanne 27 Machi

Ameondoka saa nne. Sitti alikuwa amelala. Kokom alimbusu kipaji cha uso, akaniambia kucha za miguu zikatwe Alhamisi, maji yawe vuguvugu. Mlangoni alinisawazishia mtandio.

Jumatano 28, Alhamisi 29, Ijumaa 30 Machi

Kazi.

Ijumaa 6 Aprili

Nimempigia. Nilisikia majogoo, na mtoto anaita, na maji. Nimemuuliza habari za Ema, anakaa sasa, ameegemea mto. Nimeuliza shamba. Kokom amekwenda kwa Haji Oding kuomba kuingia upya. Wageni huanzia chini kabisa, karibu na mfereji, maji magotini na ruba wengi. Mpaka miche itakapokuwa tayari mwezi ujao hajui kama Haji atashikilia desturi au atauza wote kwa mchuuzi. "Labda msimu mmoja," akasema. "Labda miwili. Wanawake tuko tisa."

"Na mke wa Asep?"

"Amekata vizuri. Hakuacha suke."

Nikasema, "Teteh, umenisamehe?"

Nilisikia akisogea mbali na mtoto.

"Bado, Neng. Sitaki kukudanganya. Siku nikikusamehe nitakupigia mwenyewe. Wewe usipige."

Nimesema sawa, Teteh. Nimekaa na simu mapajani, jikoni, chai imepoa. Nimelia na nimemaliza.

Sitti ameamka. Anaita Kokom. Nimeitika.